Kopo la Udongo kutoka Chunya

Kabla sijakabidhi funguo za kabati la idara ya historia, mkuu wa shule aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki ukurasa mmoja kuhusu safari ya kidato cha tatu kwenda Chunya: ratiba, mahitaji na tahadhari. Nikakaa, nikaandika. Ratiba: mnaondoka Tukuyu alfajiri, mnarudi jioni. Mahitaji: maji. Tahadhari: msidanganye. Nikaitazama karatasi, nusu yake bado nyeupe, nikaona sijasema lolote. Ndiyo maana mmepata daftari zima. Mtanisamehe. Mwalimu akistaafu hana tena kengele ya kumkatiza.

Nilizaliwa Ikuti, hapahapa Rungwe, kwa hiyo sikupangiwa kazi ugenini kama wengi wenu. Niliripoti hapa shuleni na begi moja la nguo na mwavuli. Siku yangu ya kwanza darasani mvua ilianza mara tu nilipofungua mdomo. Ninyi mmekuta dari. Sisi tulikuwa na bati tupu, na mvua ya Tukuyu ikilishukia bati tupu hata mchungaji madhabahuni hunyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilipiga kelele kipindi kizima kuhusu ujio wa wakoloni, mishipa ya shingo imenisimama, na mwishoni mwanafunzi wa dawati la mbele akanyoosha mkono kwa adabu, akauliza, "Madamu, leo tumesoma nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Chidawali, mkuu wa idara, Mgogo mrefu mwembamba aliyeletwa huku kutoka Dodoma miaka mingi kabla yangu. Hakucheka.

"Huku tunafundisha kwa chaki," akaniambia. "Mvua ikianza, funga mdomo, geukia ubao. Ikikatika, uliza maswali. Na hiyo chaki usiku ilaze jikoni karibu na moto, la sivyo asubuhi itaandika kama uji."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu kazini, na yamenifaa kuliko mengi niliyosomea chuoni.

Mwalimu Chidawali alikuwa na mambo mawili ambayo walimu wenzangu waliyageuza kuwa kichekesho cha ofisi. La kwanza, alitembea na chupa ya maji kila aendako. Huku kwetu kila bonde lina kijito, kila kijito kina daraja la gogo, na anga lenyewe halifungi bomba, lakini yeye chupa yake mkononi. "Mgogo na mtoto wake," tulisema akipita. La pili lilikuwa swali lake. Mwanafunzi akiandika insha nzuri, yeye aliandika pembeni kwa wino mwekundu neno moja: Umejuaje? Mwalimu akisema nyanya zimepanda bei sokoni: Umejuaje? Siku moja mkaguzi alimwambia ripoti za idara yake ni nzuri. Akamtazama mkaguzi. Sote tulibana pumzi.

Safari ya Chunya aliianzisha yeye. "Hawa watoto wanadhani historia ni mambo ya magavana na machifu," alisema. "Wapelekeni wakaone mji wa dhahabu. Babu zao waliuchimba."

Na kweli. Katika kijiji chochote cha Rungwe, uliza wazee, utasikia mtu aliyekwenda Chunya enzi za Waingereza. Walifunga ndizi zao, wakavuka milima ya Mbeya kwa miguu, wakashuka upande wa pili kwenye nchi ya miti mikavu ambako mzungu alikuwa anatafuta dhahabu. Wengine walirudi na blanketi. Wengine na ng'ombe. Wengine hawakurudi.

Mwaka wangu wa tatu kazini Mwalimu Chidawali aliugua, akanikabidhi safari hiyo. Nilimfuata nyumbani kwake kuchukua filimbi na ramani ya kitambaa. Alikuwa amejifunika mablanketi mawili, ametokeza pua tu.

"Bebeni maji," akasema.

"Tumebeba kila kitu, mwalimu. Ndizi za kuchemsha, ndizi mbivu, maparachichi, sukari."

"Sukari mtaikoroga na nini? Bebeni maji, wewe binti."

Nilicheka moyoni. Mgogo na mtoto wake.

Alasiri hiyo hiyo, nikihesabu vikapu vya ndizi uani, aliingia mama mmoja mtu mzima, miguu mitupu, kanga mbili zimefungwa barabara. Alikuwa ametembea kutoka Masukulu. Jina lake Bibi Tupokigwe. Mjukuu wake, Atupele, alikuwa kidato cha pili, na ndiye aliyemwambia kwamba kidato cha tatu wanakwenda Chunya.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, bibi. Karibu."

Alifungua pindo la kanga akatoa kopo la majani ya chai, kopo tupu, limesuguliwa kwa mchanga mpaka linang'aa. Akanieleza, bila haraka, kama mtu aliyekariri maneno yake njia nzima. Baba yake, Ambokile, alikwenda Chunya yeye angali anabebwa mgongoni. Mwaka wa kwanza alileta blanketi kwa mkono wa wenzake. Mwaka wa pili wenzake wakaja na habari tu: shimo lilimwangukia, wamemzika hukohuko. Na katika ukoo wao, mtu akifia mbali, kilio chake hakifungwi mpaka udongo wa kaburi lake uletwe nyumbani, uwekwe kwenye shina la migomba. Mpaka hapo watu hulia kidogokidogo, kama mvua ya manyunyu, lakini hawalii wakamaliza.

"Mama yangu alikufa anaungoja udongo huo," akasema. "Mimi magoti yangu haya hayapandi milima. Ukifika, ulizia makaburi ya wachimbaji. Jaza hili kopo. Jumamosi nitakuwa nimewaita wa ukoo."

Nikapokea kopo kwa mikono miwili. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa ndipo penye kosa ambalo labda ni sisi wa Rungwe tu tunaoweza kulifanya. Tuliondoka na lori la kubebea ndizi, wanafunzi arobaini na kitu, vikapu vya chakula mpaka pa kukalia hakuna, na hapakuwa na hata chupa moja ya maji. Hakuna aliyesahau. Hakuna aliyewaza. Mtoto wa kwetu hajawahi kubeba maji ya safari maishani mwake; akisikia kiu huinama.

Mpaka Mbeya tuliimba. Kwenye kilele cha mlima tulivaa masweta, tukaona chini yetu nchi ya rangi ya simba imelala mpaka mwisho wa macho. Halafu tukaanza kushuka, na kila kona joto likapanda lori bila kulipa nauli. Vumbi likaingia. Ndizi mbivu zikaongeza kiu badala ya kuipunguza. Tulipofika kwenye daraja la kwanza wanafunzi waliruka chini wakikimbia, wakasimama ukingoni. Mtoni kulikuwa na mchanga. Mchanga mweupe, umejipinda vizuri kama mto, na nyayo za mbuzi katikati.

"Madamu," mmoja akauliza, "mto umekwenda wapi?"

Mwalimu wao wa historia akapuliza filimbi, wakapanda lori.

Mjini Chunya sikuona kitu. Ninakiri. Nilikuwa nimewaahidi wanafunzi nyumba za mawe za wakoloni, mahakama ya zamani, mashine za kusagia mawe zilizoota kutu. Nilichoona mimi ni foleni ya kisima. Msichana mmoja alianguka kwa kizunguzungu. Mama mwenye zamu kisimani alitupisha, akatazama vikapu vyetu, akatutazama sisi.

"Mmetoka wapi ninyi, wenye chakula cha harusi na hamna maji?"

"Tukuyu."

"Aa," akasema, kana kwamba nimemtajia ugonjwa anaoujua, akanijazia ndoo ya pili.

Tulibadilishana ndizi kwa maji mpaka jua likageuka, kisha dereva akapiga honi. Makaburi sikuyaulizia. Kopo nililikumbuka tumeshavuka Mbeya, tunapanda Isyonje kwenye ukungu wetu wa nyumbani, wanafunzi wamelala wameegemeana kama magunia. Lilinigonga ubavuni ndani ya mkoba, tupu.

Nimefikiria mara nyingi kwa nini sikurudi siku hiyo na kopo tupu na ukweli. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeshaaibika mara moja siku ile, na nikaona mara mbili itakuwa nyingi. Nilimwomba dereva asimame kidogo. Ukingo wa barabara ulikuwa umekatwa karibuni, udongo wake una wekundu-wekundu. Nikajaza kopo. Udongo ni udongo, nikajiambia, na baba wa mtu yupo popote anapoliliwa. Uongo ukitaka kupita huvaa methali.

Jumamosi nilishuka Masukulu. Nilikuta watu wamejaa uani, akina mama wameketi kwenye majani ya migomba, wanaume wamesimama kwa fimbo zao, na katikati ya migomba kuna kishimo kimechimbwa vizuri, mviringo, kina cha mkono. Watu walinipisha kwa heshima ambayo ilinichoma. Bibi Tupokigwe aliniingiza ndani, akafunga mlango, akanawa mikono, akamimina udongo kidogo kiganjani.

Akausugua kwa kidole gumba. Akaunusa. Akaweka chembe kwenye ncha ya ulimi. Kisha akavuta bakuli la maji, akaumwaga udongo wote humo, akakaa kuutazama. Nami nikatazama.

Ninyi mnaofundisha jiografia mnajua. Mlima wetu ulipolipuka zamani ulitutemea vijiwe vyepesi, vyenye matundu kama mkate, na hadi leo vimo katika kila jembe la udongo wa Rungwe. Vilipanda juu ya maji kimoja kimoja. Vikaelea. Vikazunguka taratibu ndani ya bakuli, vyeupe, kama vinanitafuta.

"Mwalimu," akasema, "mimi nalima udongo huu tangu sijang'oka meno. Udongo huu ni wa kwetu."

Sikuweza kuinua uso.

"Mawe ya Chunya nayo yanaelea?"

"Hapana, bibi."

"Umejuaje?"

Naapa ndivyo alivyouliza. Hakuwahi kumwona Mwalimu Chidawali maishani mwake.

Nikamweleza yote: kiu, kisima, msichana aliyeanguka, Isyonje. Nje watu walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, wakimngoja.

"Ungesema umesahau, ningekupa ndizi," akasema mwishowe. "Umedanganya, nitakupa ndizi vilevile. Lakini hutazifurahia."

Akainuka akatoka nje. Nilimsikia akiwaambia watu wake kwamba safari ya mwalimu iliharibika njiani, mtoto aliugua, makaburini hawakufika, na Mungu akipenda mwakani. Uongo wangu hakuutaja. Mjomba mmoja alinung'unika kwamba amekuja toka Kisiba kwa bure. "Si bure," alisema yeye, "utakula." Kishimo kikafunikwa kwa jani la mgomba. Nami nikapanda mlima kurudi Tukuyu na mkungu kichwani, nikala ndizi zile wiki nzima, na hakuna siku nilizifurahia.

Jumatatu nilimweleza Mwalimu Chidawali. Nilitegemea anifokee. Alifungua chupa yake, akanywa, akaifunga.

"Sasa umekuwa mwalimu wa historia," akasema. "Kabla ya hapo ulikuwa unasoma vitabu."

Mwaka uliofuata, juma moja kabla ya safari, nilishuka Masukulu mwenyewe. Nilimkuta Bibi Tupokigwe akichuma chai, kikapu mgongoni. Nikamwambia mwaka huu sitaki kopo. Namtaka yeye. Magoti hayatapanda mlima. Lori ndilo litapanda, naye atakaa mbele na dereva.

"Na maji?" akauliza.

Habari za kiu yetu zilikuwa zimezagaa wilaya nzima.

Tulibeba madumu manane. Mwalimu Chidawali alikuja getini kuyagonga moja moja kwa kidole kusikia kama yamejaa. Atupele, ambaye sasa alikuwa kidato cha tatu, alipewa kazi ya kulinda kopo la bibi yake, naye alilikumbatia njia nzima kama yai. Bibi alikaa mbele, amevaa kanga mpya, na tulipofika kileleni aliomba lori lisimame. Akateremka. Akaitazama ile nchi kavu chini kwa muda mrefu, upepo unampiga.

"Kumbe hapa ndipo baba alipogeuka kututazama," akasema. Halafu akapanda tena.

Mwaka ule niliiona Chunya. Ni mji uliokaa kimya kama mtu aliyekuwa na mengi akayatumia. Barabara pana kuliko magari yake. Nyumba za mawe na mabati yaliyopauka, baraza ndefu za enzi zile ambako, wenyeji wanajivuna, taa za umeme ziliwaka Mbeya ingali kijiji. Pembeni ya mji mashimo, mengine yameota miiba, mengine wachimbaji wadogo bado wanayashukia kwa kamba. Wao huyaita maduara. Mzee mmoja, fundi wa mashine ya kusaga mawe, alitupokea. Alichukua karai, akaweka vumbi la mawe na maji, akalizungusha mbele ya wanafunzi. Chepesi kilimwagika, kizito kikabaki. Mwishoni kulikuwa na uzi mwembamba wa njano chini ya karai, mfupi kuliko ukope.

"Ndiyo hii?" wanafunzi wakauliza, wamevunjika moyo.

"Ndiyo hiyo," akasema fundi. "Kwa ajili ya hiyo wamekufa watu."

Kisha akatupeleka makaburini. Kulikuwa na sehemu mbili. Upande mmoja mawe yaliyochongwa, majina ya Kizungu, ua wa chuma. Upande wa pili, chini ya miti ya miombo, vituta tu, vingi, vimesawazika na ardhi karibu kupotea. Hakuna jiwe. Hakuna jina.

"Hawa nao waliandikwa," fundi akasema. "Vibao vya mti. Mchwa wamesoma majina yote wakamaliza."

Bibi Tupokigwe alitembea kati ya vituta vile kutoka mwanzo hadi mwisho, na kurudi. Katika kila kimoja alisimama kidogo. Wanafunzi wangu, ambao darasani hawakuwahi kunipa dakika tano za ukimya bila mvua, walisimama kama maji yaliyotulia. Kisha akaketi chini, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wafiwa, akaanza kuzungumza Kinyakyusa kwa sauti ya kawaida kabisa. Alimwambia baba yake nani amezaliwa, nani amefariki, kwamba lile blanketi lilidumu mpaka yeye mwenyewe akambebea mtoto wake wa tatu. Alimwambia mama hakuolewa tena.

Alipomaliza, Atupele alisogea na kopo. "Bibi, tuchukue wa lipi?"

Mimi nilikuwa nalijua swali hilo na nilikuwa naliogopa tangu Tukuyu. Tulikuwa tumekuja njia yote, na maji, na nia njema, na bado tusingejua.

Bibi aliangalia vituta, akaniangalia mimi.

"Nikichukua mmoja kwa kubahatisha," akasema, "nitakuwa kama mwalimu wenu."

Wanafunzi hawakuelewa. Mimi nilielewa mpaka kwenye mifupa.

"Chukueni wote," akasema. "Kila mtu asimame kwenye kituta kimoja. Mwombe ruhusa aliyelala. Chukua kiasi cha kushika vidole vitatu, basi. Msimwache mtu."

Kijana mmoja akauliza, naye alikuwa na haki ya kuuliza: "Bibi, si wote hawa Wanyakyusa. Wengine Wasafwa, wengine wametoka Nyasa huko. Utawapeleka kwenye migomba yako?"

"Watakula ndizi," akasema Bibi Tupokigwe. "Watazoea."

Wakatawanyika. Ninaziona bado zile sare, kila mmoja ameinama juu ya kituta chake, midomo inacheza, kisha wanakuja mmoja mmoja wakifungua vidole juu ya kopo. Vituta vilikuwa vingi kuliko wanafunzi. Wengine walikwenda mara mbili. Mimi nilikwenda mara mbili. Fundi wa mashine alitazama, halafu akavua kofia, naye akaenda kwenye kimoja cha pembeni.

Jumamosi, Masukulu, watu walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia, maana ndani ya lori walikuwemo watoto wa vijiji vingi na kila mmoja alikuwa ameeleza kwao. Hapo ndipo yule mjomba wa Kisiba alipokataa. Alisimama mbele ya kishimo na fimbo yake.

"Dada, mimi nimekuja kumzika Ambokile. Sikuja kuzika watu nisiowajua. Mizimu ya watu hailali shimo moja kama viazi."

Watu wakatikisa vichwa, wengine kukubali, wengine kukataa. Niliona Bibi Tupokigwe anachoka ghafla, anazeeka mbele ya macho yangu. Kama mjomba angeshinda, kilio kingebaki wazi, na safari hii asingekuwepo mwingine wa kukifunga.

"Wewe utamtambua?" akamuuliza taratibu. "Haya. Kopo hili. Mtoe Ambokile, wengine tuwarudishe."

Mjomba akatazama kopo.

"Toka lini," Bibi akaendelea, "mtu anafukuzwa msibani kwa kuwa hatumjui?"

Mjomba akakita fimbo yake ardhini. Hakusogea. Ndipo Bibi akamwita Atupele alete bakuli la maji, lile lile. Mbele ya ukoo mzima, akamimina humo udongo wa kwenye kopo. Nilijua udongo ule ni wa kweli na bado macho yangu yalitafuta vijiwe. Wote tukainama. Maji yakachafuka, rangi ya kutu, yakazunguka, yakaanza kutulia. Mchanga ukashuka. Ukashuka wote. Juu ya maji hakukubaki kitu, hata chembe, isipokuwa uso wa Bibi mwenyewe na majani ya migomba nyuma yake.

"Huu si wa kwetu," mjomba akasema, kwa sauti iliyobadilika. "Huu ni wa huko."

Akaweka fimbo chini. Bakuli likamiminwa kishimoni, naye akawa wa kwanza kulia.

Sijui niwaelezeje kilio kile. Nimehudhuria misiba mingi. Kwetu msiba haukosi. Lakini watu wale walikuwa wamelia manyunyu tangu kabla mimi sijazaliwa, na siku ile mvua yenyewe ilifika. Walilia mpaka mchana ukageuka, na wakamaliza. Walipomaliza walikula, na mtu akatania, na watu wakacheka. Bibi Tupokigwe alinikatia mkungu. Ndizi zile nilizifurahia.

Baada ya hapo safari ilikuwa rahisi, na nitawapa miaka mingi kwa maneno machache. Mwalimu Chidawali alistaafu, akarudi Dodoma na chupa yake. Barua yake ya mwisho iliuliza kama mvua imekatika. Lori lilipisha basi. Barabara ya mlimani iliwekwa lami, na safari iliyokuwa ikitupasua mbavu sasa wanafunzi huilala. Simu zilikuja: kuna mwaka nilihesabu wanafunzi waliopiga picha na ile mashine ya kutu nikakosa hata mmoja aliyeigusa. Ninawasihi muwafanye waiguse. Wapelekeni kwenye karai. Wapelekeni pande zote mbili za makaburi, na mkiwa upande wa mawe yaliyochongwa waulizeni wanajua nini, na mkiwa upande wa vituta waulizeni wamejuaje. Insha ziandikwe siku hiyo hiyo, vumbi lingali miguuni. Madumu myagonge kwa kidole. Mwanafunzi wa Tukuyu atawaapia kwamba yamejaa. Hajui maji ni kitu cha kuhesabiwa.

Bibi Tupokigwe alifariki miaka kadhaa iliyopita, amezeeka sana, na kilio chake kilifungwa siku ile ile.

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kuagwa. Ninawashukuru kwa vitenge na kwa saa ya ukutani, ingawa kumpa mstaafu saa ni utani. Mlimwona mama aliyekuja amechelewa, na gunia linalovuja udongo? Huyo ni Atupele. Analima chai na ndizi palepale kwa bibi yake. Ndani ya gunia mlikuwa na chipukizi la mgomba, limeng'olewa na mizizi yake. "Limetoka kwenye shina lile, Madamu," aliniambia, na hakuhitaji kusema zaidi.

Nimelipanda Ikuti, nyuma ya nyumba. Lakini kabla ya kulipanda niliukung'uta udongo wa mizizi ndani ya bakuli la maji. Mazoea ya kazi. Vijiwe vyetu vyepesi vilipanda juu, vingi, vikaelea. Ndipo maji yalipotulia nikaona, chini kabisa, mchanga kidogo wenye rangi ya kutu, haufiki hata kiasi cha kushika vidole vitatu.

Miaka zaidi ya thelathini, na mvua zote hizi. Huenda ni kutu ya bakuli. Huenda ni macho yangu. Umejuaje, angeuliza Mwalimu Chidawali, na mwalimu wa historia asingekuwa na la kujibu.

Lakini mimi nimestaafu. Nilimimina vyote pamoja shimoni, vilivyoelea na vilivyozama, nikashindilia kwa mguu, nikasema, "Udongo huu ni wa kwetu."